Siku Tisa za Kutafuta Nyumba Dar es Salaam

Jumapili, siku ya kwanza

Basi liliondoka Iringa saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya bonde la Ipogolo, nami nikiwa nimevaa sweta na kujifunga kitenge kama ilivyo desturi yetu wa nyanda za juu. Tulipomaliza kuteremka Kitonga nilivua sweta, tulipopita hifadhi ya Mikumi nilifungua dirisha, na tulipofika Chalinze nilikwisha kuelewa kwamba nusu ya nguo zilizomo begini hazitanifaa huko niendako. Kilomita zipatazo mia tano zilitufikisha stendi ya Magufuli, Mbezi, kabla ya saa kumi jioni.

Nimehamishwa kikazi. Mimi ni muuguzi, kituo changu kipya kipo Upanga, na nimepewa siku chache za kuripoti na kupata makazi kabla ya kupangiwa zamu. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, amebaki nyumbani na binti yetu wa darasa la tano hadi shule zitakapofungwa mwezi wa sita, pamoja na mama mkwe wangu, ambaye magoti yake yamechoka na hawezi tena kupanda mlima wala ngazi nyingi. Kazi ya kuchagua mahali watakapoishi watu wanne imeachwa mikononi mwangu. Sikuichukua kwa wepesi, kwa sababu huku wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na anayekosea huishi na kosa lake nusu mwaka.

Nimefikia Tabata kwa mama mdogo wangu, anayeishi mji huu tangu mimi sijaanza shule. Baada ya chakula cha usiku nilimwonyesha daftari ambamo mimi na mume wangu tuliorodhesha mahitaji yetu: vyumba viwili na sebule, choo cha ndani, maji, shule ya msingi isiyo mbali, fremu, yaani chumba cha biashara, ya kushonea, na kodi isiyozidi shilingi 250,000 kwa mwezi. Akiba yetu yote ni shilingi milioni mbili. Mama mdogo alisoma mstari kwa mstari, kisha akalirudisha daftari mezani.

"Mwanangu," alisema, "hapa umeandika nyumba tu. Barabara yako iko wapi?"

Sikuwa na jibu.

Jumatatu, siku ya pili

Niliondoka Tabata saa kumi na moja na nusu alfajiri ili niripoti mapema. Daladala lilijaa kabla hatujatoka kituoni, na kuanzia Buguruni tulikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, hivi kwamba nilifika Kariakoo jua likiwa limekwisha kuwaka na kulazimika kutafuta usafiri mwingine wa kunifikisha Upanga.

Taratibu za kuripoti zilikuwa fupi. Kilichonifaa zaidi ni kujua saa za kazi: zamu ya asubuhi huanza saa moja na nusu, zamu ya jioni huisha saa tatu usiku, na zamu ya usiku huanza saa hiyo hiyo ya tatu. Maana yake ni kwamba nyumba nitakayoipanga nitatoka ndani yake gizani na kurudi gizani, na kwamba kuiona mchana peke yake hakutaniambia hata nusu ya ukweli wake.

Wakati wa chai niliwauliza wenzangu wapya wanaishi wapi. Mmoja anatoka Bunju, mwingine Mbagala, mwingine Kivule, na dada mmoja mpole wa chumba cha dawa anatoka Chanika, ambako huamka saa tisa na nusu usiku ili apate gari la kwanza. Aliyasema hayo bila kulalamika hata kidogo, akikoroga chai yake, na maneno yake yamebaki kichwani mwangu kutwa nzima. Amejenga huko, alinieleza, na nyumba yake mwenyewe ina miembe minne. Mimi sijengi, mimi napanga, kwa hiyo ninao uhuru ambao yeye hana, na ni wajibu wangu kuutumia vizuri.

Jioni nilichora ramani yangu ya kwanza daftarini. Mkoa huu, uliohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, una wilaya tano, yaani Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, lakini mtu anayekwenda kazini haishi ndani ya wilaya bali huishi kwenye barabara. Barabara hizo zimetawanyika kutoka mjini kama vidole vya mkono uliofunguliwa: ya Bagamoyo inapanda kaskazini kupitia Mwenge hadi Tegeta na Bunju, ya Morogoro inakwenda magharibi kupitia Magomeni, Ubungo na Kimara, ya Nyerere inapita uwanja wa ndege kuelekea Gongo la Mboto na Pugu, na ya Kilwa inashuka kusini hadi Mbagala. Barabara ya Mandela inavikata baadhi ya vidole hivyo kwa ubavu. Kigamboni iko peke yake, ng'ambo ya maji. Nilipomaliza kuchora nilitambua kwamba swali la mama mdogo lilikuwa swali la kwanza kabisa, na kwamba orodha yangu yote ilipaswa kuja baada yake.

Jumanne, siku ya tatu

Nilianza na Mbagala kwa kuwa kila mtu aliniambia kodi ya huko ni nafuu. Dalali alinipokea Zakhem, akadai shilingi 10,000 za kunitembeza, akanionyesha nyumba tatu kwa muda wa saa mbili. Kwa kodi ya shilingi 180,000 mtu hupata kweli vyumba viwili na sebule, marumaru sakafuni na dari la jipsamu, ndani ya fensi yenye wapangaji wengine watatu. Soko la Rangi Tatu liko karibu, na vyakula ni vya bei nzuri kuliko nilikopita kwingine kote.

Nyumba ya pili ilinivutia hadi nilipouliza habari ya umeme. Mita ya LUKU ilikuwa moja kwa familia nne, na kila mwezi wapangaji huchangishana kwa makadirio. Sisi tunakuja na cherehani ya mota na pasi inayowaka kutwa. Nimewahi kuishi katika nyumba ya mita moja nilipokuwa chuoni na ninajua jinsi majirani wema wanavyoanza kuhesabiana saa za pasi na idadi ya taa, kisha wanafikia mahali hawasalimiani tena. Nilifunga ukurasa huo na kuandika sharti jipya kwa herufi kubwa: mita ya kujitegemea.

Katika kurudi nilipita kandokando ya njia za mabasi ya mwendokasi zilizojengwa katikati ya barabara ya Kilwa. Mbagala ina mustakabali mzuri. Hata hivyo sehemu nilizoonyeshwa zilikuwa ndani mno, upande wa Chamazi, ambako hadi kuifikia barabara kuu ni safari nyingine kamili.

Jumatano, siku ya nne

Hii ilikuwa siku ya Kigamboni, na nakiri kwamba moyo wangu nusura ubaki huko. Nilivuka kwa pantoni kutoka Magogoni kwa nauli ya shilingi 200, nikiwa nimesimama kati ya wachuuzi wa samaki, wanafunzi na baiskeli zilizobeba matenga, upepo wa bahari ukipita usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Iringa sikutokwa na jasho. Kibada nilikuta mitaa iliyopimwa, barabara zilizonyooka, na viwanja vyenye nafasi kati ya nyumba na nyumba. Nyumba niliyoonyeshwa ilikuwa ya peke yake, bila mpangaji mwingine, yenye vyumba viwili, kibaraza kipana kinachofaa kabisa kuweka cherehani, na mpapai uani. Kodi ilikuwa shilingi 220,000. Hakukuwa na ngazi hata moja. Nilimwona mama mkwe wangu amekaa kibarazani anachambua mchicha.

Niliomba maji ya kunawa. Nilijipaka sabuni, nikasugua na kusugua, na povu halikutoka. Maji yalikuwa ya kisima chenye chumvi, na jirani aliyekuja kutusalimu alinieleza kwa hisani kwamba maji ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa madumu, na akanionyesha birika lake lililoganda chumvi nyeupe ndani. Tangu hapo, kila nyumba ninayoingia ninaomba kunawa kabla ya kuuliza kodi.

Maji peke yake yasingenizuia. Kilichonizuia ni njia. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, limeiunganisha Kigamboni na Kurasini tangu mwaka 2016 na kweli limebadilisha maisha ya huko, lakini kwa mtu asiye na gari anayekwenda Upanga, darajani ni mzunguko mrefu, na pantoni ndiyo njia ya mkato. Pantoni ikichelewa, foleni yake haina pa kuchepukia, kwa kuwa bahari haina uchochoro. Nilikaa juu ya benchi pale gatini wakati wa kurudi na kuhesabu: kutoka Kibada hadi gatini, kusubiri, kuvuka, kisha gari la kunifikisha kazini. Kwa zamu ya asubuhi ingewezekana. Kwa zamu ya jioni, inayoniachia saa tatu usiku, ningefika nyumbani binti yangu amekwisha kulala, siku zote. Niliiacha nyumba ile kwa huzuni ya kweli.

Alhamisi, siku ya tano

Mvua ilianza saa nane za usiku na haikunyamaza hadi saa nne asubuhi. Ni mwezi wa nne, masika yamekolea, na sauti ya maji juu ya bati la mama mdogo ilikuwa kubwa kiasi kwamba tulizungumza kwa ishara. Nilitaka kuahirisha mizunguko. Mama mdogo alikataa. "Leo ndiyo siku ya kutafuta nyumba," alisema. "Siku ya jua kila nyumba ni nzuri." Akajifunga khanga ya pili, akachukua mwavuli wake, akanifuata.

Tulikwenda kwanza hadi upande wa kituo cha Fire, na kutoka hapo tukaliona bonde la Jangwani. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yametanda bonde zima, barabara ya Morogoro imefungwa, watu wamejipanga ukingoni wakitazama ng'ambo ya Magomeni kama wanavyotazama ng'ambo ya bahari. Mto Msimbazi hutoka kwenye vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya jiji na kumwaga maji baharini karibu na daraja la Salenda, na mvua ikinyesha kwa nguvu huko juu, maji yote hayo hushuka Jangwani kwa wakati mmoja. Mama mdogo alinisimulia habari za Desemba mwaka 2011, mafuriko yalipoua makumi ya watu na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Alikuwa na rafiki aliyekuwa akiishi huko bondeni. Alipofika kwenye sehemu hiyo ya masimulizi alinyamaza, nami sikumwuliza zaidi.

Hivi sasa upo mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, unaohusisha kuwalipa fidia na kuwahamisha wakazi wa bondeni pamoja na kujenga daraja refu na la juu zaidi hapo Jangwani. Ninaliombea daraja hilo likamilike salama, lakini mimi natafuta nyumba ya mwaka huu.

Mchana dalali mmoja alitupigia simu kutuambia kuna nyumba ya haraka upande wa Kigogo, vyumba viwili, sebule, jiko, choo ndani, shilingi 150,000 tu, na kwamba mwenye nyumba anapokea hata miezi mitatu. Tulikwenda. Nje ilikuwa imepakwa rangi mpya ya krimu. Mama mdogo hakuingia ndani. Alisimama uani, akainama, akaanza kutazama ukuta. Kisha akaniita. Rangi ile mpya ilikuwa na tabaka mbili: kutoka chini hadi usawa wa kiuno ilipakwa hivi karibuni, na kutoka kiunoni kwenda juu ilikuwa ya zamani kidogo, iliyopauka. Milango nayo ilikuwa imevimba kwa chini, na kwenye soketi za umeme, zilizo chini karibu na sakafu, palikuwa na tope lililokauka ndani ya matundu. Nyuma ya fensi, hatua zisizofika hamsini, ulipita mkono wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo anayepanga hapo anakabiliwa na hatari mbili, ya maji na ya kuondolewa.

Sikumgombeza dalali. Nilimwambia tu kwamba nina mtoto na mama mzee, na kwamba mama huyo hawezi kukimbia. Aliinamisha kichwa na hakudai pesa ya kututembeza.

Usiku niliandika mambo ya kutazama katika kila nyumba, na nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayehamia mji huu akitokea mahali penye miinuko kama kwetu, ambako hatuna mazoea ya kuogopa maji yaliyotuama: tabaka za rangi ukutani, miguu ya milango, soketi zilizopandishwa juu isivyo kawaida, matofali yaliyopangwa chini ya makabati ya jirani, na magunia ya mchanga mlangoni. Haya hayasemi uongo, hata pale anayetafuta mpangaji anapoyanyamazia.

Ijumaa, siku ya sita

Maji ya Jangwani yalikuwa yamepungua na barabara kufunguliwa. Niliamua kuijaribu barabara ya Morogoro kwa saa zangu halisi, kwa hiyo nililala Kimara kwa mtu wa kwetu ili saa kumi na moja na nusu alfajiri nisimame kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara Mwisho kama mkazi. Foleni ilinichukua dakika ishirini na tano. Basi lenyewe, likishaondoka, halina mzaha: linapita katika njia zake huku magari mengine yamesimama, na lilinishusha kituo cha Fire baada ya dakika arobaini, kutoka hapo nikatembea kwa miguu hadi Upanga. Huduma hii ilianza mwaka 2016, na ukisimama ndani yake asubuhi utaelewa mara moja kwa nini kodi za nyumba zilizo karibu na vituo vyake hazifanani na za nyumba zilizo mbali.

Nilirudi Kimara kutazama nyumba. Eneo hili lina vilima na makorongo, hewa yake ni nzuri, na jioni mtu anaona taa za jiji kwa mbali. Nyumba ya Temboni ilikuwa pana, yenye maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, mita yake yenyewe na hata bustani ndogo, kwa shilingi 200,000. Ila ilikuwa chini kabisa ya mteremko, barabara yake ni ya udongo, na mvua ya jana ilikuwa imeichana kama jembe. Bodaboda aliyenishusha alikataa kufika mlangoni. Nauli yake hadi barabarani ni shilingi 1,500, kwenda na kurudi 3,000, na kwa siku ishirini na sita za kazi ni shilingi 78,000 kila mwezi. Nyumba ya 200,000, basi, ni nyumba ya 278,000, na hapo sijamhesabu mama mkwe wangu, ambaye kwa magoti yake asingetoka humo hata kwenda kanisani.

Mzee mmoja muuza duka alinionyesha jambo jingine. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa, na baadaye barabara ikapanuliwa kuwa ya njia nane hadi Kibaha. Aliniusia kwamba nikipewa fremu nzuri iliyo karibu mno na lami, nitafute kwanza ukutani alama nyekundu ya X, ya majengo ya kubomolewa, na nisipoiona niulize serikali ya mtaa.

Jumamosi, siku ya saba

Kufikia leo sharti langu lilikuwa limekomaa. Nataka nyumba yenye barabara mbili: moja ya kila siku, na nyingine ya siku ambayo ya kwanza imefungwa. Niliitazama ramani yangu ya vidole na kuona kwamba mahali pekee ninapopamudu penye sifa hiyo ni Ubungo, karibu na barabara ya Shekilango. Kutoka hapo mwendokasi hunifikisha Fire. Na Jangwani ikijaa maji, naweza kupanda daladala la kwenda Bamaga kupitia Sinza, kisha nikaingia mjini kwa barabara ya Ali Hassan Mwinyi kupitia Salenda, ambako Upanga iko hapo hapo upande wa pili wa daraja.

Nyumba ya tatu kati ya nilizoonyeshwa ndiyo niliyoichagua. Ni nyumba ya zamani, imejengwa uani mwa nyumba ya mwenyewe, mama mtu mzima aliyestaafu. Sakafu yake ni ya saruji, haina marumaru wala jipsamu, na jiko ni jembamba. Lakini nilinawa na povu likatoka; kuna bomba la DAWASA na tangi la lita elfu moja kwa siku za mgawo; mita ya LUKU ni ya kwetu peke yetu; ukuta umepakwa rangi moja tangu chini hadi juu. Ngazi za mlangoni ni mbili. Shule ya msingi ni mwendo wa dakika kumi na mbili bila kuvuka barabara kuu, niliutembea mwenyewe nikiwa na saa mkononi. Kodi ni shilingi 300,000, yaani 50,000 zaidi ya kikomo chetu, lakini kituo cha mwendokasi ni dakika tisa kwa miguu, na sitamlipa bodaboda.

Sikutoa jibu. Nilirudi peke yangu saa tatu na nusu usiku, nikashuka kituoni na kutembea hadi getini kama nitakavyotembea nikitoka zamu ya jioni. Taa za barabarani zinaishia katikati ya njia. Kutoka hapo kuna mama anayekaanga chipsi, duka la dawa lililo wazi, na vijana wanaocheza bao chini ya mwarobaini, ambao walinisalimu shikamoo. Baa ipo, mitaa miwili mbele. Nilisimama dirishani kwa nje nikasikiliza, muziki ulisikika kwa mbali, si wa kumzuia mtoto kulala. Nilimpigia simu mume wangu nikiwa nimesimama pale pale.

Jumapili, siku ya nane

Baada ya ibada mama mdogo alinisindikiza kuzungumza na mwenye nyumba, na hapo niliona thamani ya kuwa na mkubwa. Hawakuanza na kodi. Walianza na kwao, wakafika kwenye magonjwa ya miguu, wakagundua kwamba wote wawili waliwahi kuishi Magomeni, na saa nzima ilipopita ndipo mama mdogo aliposema kwa unyenyekevu, "Dada yangu, mtoto huyu ni mwuguzi na amehamishwa ghafla, mfikirie." Kodi ilishuka hadi 280,000, na badala ya miezi sita tukakubaliana minne. Hiyo ni shilingi 1,120,000, na dalali hupewa kodi ya mwezi mmoja, 280,000, jumla 1,400,000. Zinabaki laki sita. Fremu niliyoiona jana karibu na duka la dawa ni shilingi 80,000 kwa mwezi, mwenyewe anataka ya miezi sita, 480,000. Mizigo italipiwa na mwajiri.

Jumatatu, siku ya tisa

Alfajiri nilikwenda kusimama kituo cha Shekilango. Mabasi mawili kutoka Kimara yalipita yamejaa. La tatu nikapanda, na saa moja kamili nilikuwa nimeshuka Fire. Nitahitaji kutoka nyumbani mapema kuliko nilivyodhani, na nimeliandika hilo daftarini bila kulipunguza.

Saa nne tulikutana ofisi ya serikali ya mtaa, mimi, mwenye nyumba na mjumbe, tukatia sahihi mkataba mbele ya mwenyekiti na ukagongwa muhuri. Niliomba iandikwe wazi kwamba mita ni yangu, na kwamba nikitaka kuhama au nikitakiwa kuhama taarifa itatolewa miezi miwili kabla. Nilikabidhi barua yangu ya utambulisho kutoka mtaa wetu wa Iringa, nikapewa funguo mbili.

Nilinunua umeme wa shilingi 5,000, nikaingiza tarakimu kwenye mita, taa ya sebuleni ikawaka. Kisha nikapiga simu nyumbani. Mume wangu alitaka kujua upana wa fremu, binti yangu akauliza kama bahari inaonekana kutoka dirishani, na mwisho simu akapewa mama mkwe wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ngazi ngapi?"

"Mbili, mama."

Alikaa kimya kidogo. "Mbili naziweza," alisema.